Mizunguko Mitatu ku Nzilo

Kila siku ya Yenga, yaani Jumapili, kabla jua halijaondoa ukungu juu ya ziwa la Nzilo, Kazadi alikuwa na kazi nne. Alitoa maji kwa kopo la margarini ndani ya pédalo sita, vile vimashua vya kuendesha kwa miguu kama baiskeli. Alifagia majani chini ya banda la nyasi ambamo wakubwa walikula. Alipanga makaa ya kuchomea samaki, bila kuyawasha, maana kuwasha ilikuwa kazi ya mpishi. Halafu alichukua mbao mbili ndefu, akaingia majini mpaka magotini, akazilaza juu ya mfereji, ili pédalo za wageni zipate mahali pa kuvukia.

Mfereji ulikuwa ndani ya ziwa lenyewe. Ulianza hatua kumi toka ukingo, ukashuka polepole mpaka katikati ya ghuba, ukazunguka mara tatu, ukarudi. Upana wake ulikuwa upana wa mlango wa nyumba ya kamp. Huku na huku maji yalisimama wima kama ukuta wa matofali, na chini kulikuwa na udongo mkavu, ambao mtu angeweza kutembea bila kuvua viatu. Samaki walifika mwisho wa maji yao, wakaangalia ng'ambo, wakageuka. Ulikuwa na wiki saba sasa, na watu walishauzoea.

Ghuba ile ilikuwa mali ya kompani moja ndogo ya Kolwezi yenye kutengeneza mapompa ya maji kwa mine za shaba. Wakubwa waliiita Cercle, yaani klabu yao. Wafanyakazi wa kompani waliishi nyuma ya Kapata, katika kamp ya nyumba themanini, na walikuwa na haki ya kuingia Cercle siku moja kwa mwaka, kwa karti. Kazadi hakuhitaji karti, kwa sababu hakuja kupumzika. Siku za juma alikuwa soudeur, mtu wa kulehemu chuma katika atelier, karakana ya kompani. Siku ya Yenga alikuwa mlinzi wa vimashua. Posho yake ilikuwa ile ile.

Mfereji ulipotokea, walikuja watu wa kuuangalia. Injinia mmoja alipima kimo cha ziwa, akaona hakuna maji yaliyopungua, akaandika kwamba hakuna la kutangaza, akala samaki, akaenda. Mtu wa Chama alikuja naye, akauliza mfereji umepewa ruhusa na nani. Hakuna aliyejua. Akaamuru ufanyiwe Salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Siku mbili za posho, yaani Jumamosi mbili, watu sitini wa kamp walipakiwa katika camion pamoja na ndoo, wakashinda wanachota maji ya ziwa na kuyamwaga ndani ya mfereji. Maji yalianguka chini, yakatembea kidogo, yakaingia ukutani, na mfereji ukabaki vile ulivyokuwa. Jioni watu walirudishwa kamp wamelowa, wakaandikwa kuwa wamefanya Salongo. Hivi ndivyo ilivyo kila siku: kitu kikipasuliwa na wakubwa, ndoo zinatafutwa kwetu.

Baadaye wakubwa wenyewe waliupenda. Bwato lao la moteri likiwa na mbio liliweza kuuruka, na wageni walipiga kelele za furaha hewani. Bibi ya mhasibu, akiogelea kwa mgongo, alitoka katika ukuta wa maji bila kujua, akaanguka chini, akavunjika mguu. Ambilansi ilikuwa pale pale, hatua ishirini toka ukingo. Ilimfikisha Kolwezi kabla mguu haujavimba vizuri.

Ambilansi ilikuwa pale kila siku ya Yenga, kwa sababu ndiyo iliyovuta bwato.

Na hapa inafaa kusema habari ya kroshe, ile ndoano ya chuma ya kuvutia. Kompani ilikuwa na motoka ya direkta, macamion mawili, na ambilansi moja, Land Rover nyeupe. Citoyen Mwenze (citoyen, mwananchi, ndivyo kila mtu alivyoitwa siku hizo), aliyekuwa shefu wa wafanyakazi na pia mkubwa wa Cercle, aliziangalia zote akaona ambilansi ndiyo yenye nguvu ya kuvuta bwato kwa njia ile ya vumbi. Alimwita Kazadi, akamwonyesha nyuma ya gari. "Citoyen, tia kroshe hapa. Itavuta mamotoka yenye kukufa mu njia." Kazadi alifanya kazi ile kwa saa mbili. Akaipiga nyundo mara tatu kuijaribu. Ilikuwa soudure safi, na bibi yake Mbelu alipopita na kitunga cha sombe, majani ya mihogo, kichwani, alimwita aje aione. Mbelu aliiangalia, akasema, "Iko muzuri. Sasa toka mu jua, unakuwa mweusi sawa sufuria." Akaenda na sombe yake.

Mbelu alikufa siku ya Yenga, mwezi wa tano, akiwa na tumbo la miezi saba. Damu ilianza saa mbili ya asubuhi, alipoinama kuchukua ndoo. Mama Ndaya, mganga wa dispanseri ya kompani, alimwona akasema huyu hawezi kubaki hapa, aende hospitali kubwa sasa hivi. Akakimbilia garage. Garage ilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kuku. Ndipo jirani mmoja, Badibanga, akapanda baiskeli, akashika njia ya Nzilo.

Alifika karibu saa sita ya mchana, midomo yake imekuwa myeupe kwa vumbi. Ukingoni aliwakuta watu wawili: Kazadi, na Nkulu, shofere wa ambilansi. Kitanda cha wagonjwa kilikuwa kimejaa chupa za pombe ndani ya barafu. Ufunguo wa gari ulikuwa katika mfuko wa Citoyen Mwenze, ambaye hakumwachia Nkulu ufunguo tangu alipomkuta amebeba magunia ya makaa ndani ya gari. Na Citoyen Mwenze alikuwa katikati ya ziwa, ndani ya bwato, pamoja na wageni wanne.

Kazadi aliingia majini mpaka kiunoni. Akainua mikono yote miwili, akaipunga, akaita.

Wakamwona. Wakampungia na wao. Mwanamke mmoja alisimama ndani ya bwato akapunga foulard yake, kitambaa cha kichwa. Wakazunguka ghuba, wakapita tena mbele yake. Kazadi akapunga na kupiga makelele, na wao wakapunga. Wakazunguka mara ya tatu, wakapunga mara ya tatu. Halafu njaa ikawashika, wakaja kula. Nyuma ya bwato, maji yaliyopasuliwa hayakufunga tena.

"Juu ya nini hukusema mbele?" Citoyen Mwenze alimwuliza Kazadi alipoelezwa. Akatoa ufunguo. Lakini chupa zilipaswa kushushwa, maana ni za wageni, na barafu yake, na kitanda kupanguswa.

Walifika kamp saa tisa. Mbelu alikuwa amelala mbele ya dispanseri, juu ya mlango wa nyumba yake. Majirani walikuwa wameung'oa ili wambebee hospitali kwa miguu, lakini alikufa kabla hawajafika barabara ya lami, na wakamrudisha. Karatasi ya kifo iliandikwa siku ya pili katika biro, yaani ofisi, ya Citoyen Mwenze: *Aliletwa akiwa amechelewa. Kosa ni la famille.* Siku hizo kila mtu wa Zaïre alikuwa memba wa Chama tangu tumbo la mama yake, kwa hiyo siku ile Chama kilipoteza memba wawili. Chama hakikutuma mtu kwenye kilio.

Wiki ya sita baada ya kifo, kaka ya Mbelu alifika toka Sandoa. Aliitwa Tshimanga. Alikuwa mwindaji zamani, na sasa aliuza nyama kavu. Alikaa juu ya kiti kimoja cha nyumba, na Kazadi alikaa chini, hajanyoa, shati ni lile lile la siku ya maziko, kama inavyompasa mwenye kufiwa na bibi ambaye bado hajatolewa kilioni. Kwa watu wao, bwana anaeleza kifo mbele ya ndugu za bibi toka mwanzo mpaka mwisho. Ndugu wakiridhika, wanamwosha kichwa na mambo yanaisha. Wasiporidhika, wanauliza tena.

Tshimanga, ambaye Kazadi alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, aliuliza siku nne.

"Balikupungia mukono?"

"Balinipungia, yaya."

"Mutu eko mu mayi, anabaita na mikono mbili, beye banamupungia sawa mutu wa mu treni?"

"Njo vile."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kazadi, mi niko muzee, lakini sikuzeeka ku kichwa. Karatasi inasema kosa ni ya famille. Famille yake hapa Kolwezi ni nani? Njo weye. Nikirudia ku Sandoa na ile karatasi, bamama batasema: Kazadi alikunywa munkoyo, alilala, alisahabu bibi mu damu."

Mlangoni, ambapo sasa palitundikwa kitenge, alikaa Ngalula, binti yao wa miaka sita, akimenya karanga. Tshimanga alimwangalia mtoto, kisha akamwangalia Kazadi.

"Kama hauna maneno ingine ya kunipatia, nitamubeba huyu. Mutoto hawezi kuikala na mutu mwenye kuchelewesha mama yake."

Kazadi hakuwa na mtoto mwingine. Mdogo wa Ngalula, aliyekuwa tumboni, alizikwa na mama.

Kesho yake alikwenda katika biro. Alisimama saa nzima karibu na mlango mpaka Citoyen Mwenze alipomwona. Citoyen Mwenze alivaa abacost, koti la wakubwa lisilo na tai, ya rangi ya kahawia, na mezani pake palikuwa na picha ya bwato.

"Citoyen Kazadi. Ni mambo ya mufereji?"

"Hapana, shefu. Ni karatasi ya bibi yangu."

"Karatasi ilishaandikwa."

"Inasema kosa ni ya famille."

"Basi unaisoma vizuri."

"Ambilansi ilikuwa ku Nzilo, shefu. Miye mwenyewe nilikuwa kule. Na shefu alikuwa kule."

Citoyen Mwenze alivuta kitabu cha magari, akakifungua, akakigeuza upande wa Kazadi. Kazadi alisoma darasa tatu tu kwa mapadri, akasoma kwa kidole. Mbele ya tarehe ile kulikuwa na neno moja, garage. Akapanda juu ya ukurasa. Kila siku ya Yenga, garage. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu cha katekisimu.

"Unaona? Siku ya Yenga ambilansi inalala. Itaenda ku Nzilo kufanya nini? Kuogelea?" Akacheka, na karani wa meza ya pili akacheka naye.

"Na ule mufereji, shefu, ulitoka wapi?"

"Ule ni mambo ya nature, citoyen." Akafunga kitabu. "Njo unanikumbusha. Mbao yako iko mufupi. Siku ya Yenga kuko bageni ba Likasi. Tafuta mbao murefu."

Kazadi akatafuta mbao ndefu. Siku ya posho jioni alizipakia kwenye camion ya wachoma makaa, na Tshimanga akapanda naye, kama mtu wa kusaidia kubeba. Walilala kwenye banda la vimashua. Asubuhi ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ambilansi ilisikika kabla haijaonekana. Nkulu aliirudisha nyuma mpaka majini, bwato likaelea, na wageni wa Likasi wakashuka na makoti yao, wakaenda kunywa kahawa.

Nkulu alifungua mlango wa nyuma, akaanza kupanga barafu. Tshimanga akamkaribia.

"Weye njo shofere?"

"Njo miye, tata. Siku ya kazi minabeba bagonjwa, siku ya Yenga minabeba pombe." Nkulu hakuinua uso. "Pombe haisemake asante. Lakini hainikufiake mu njia."

Tshimanga alitikisa kichwa. Halafu alikunja suruali yake, akavuka zile hatua kumi za maji, akaingia katika mfereji. Kazadi akamfuata.

Walishuka polepole. Maji yalifika magotini mwao, lakini kando, yakafika mabegani, kando, yakapita vichwa. Mwanga ndani ulikuwa wa kijani kama ndani ya chupa. Udongo wa chini ulikuwa na nyufa. Kambale mmoja alitoa ndevu zake nje ya ukuta, akazirudisha. Tshimanga alikwenda ameinama, mikono mgongoni, kama alivyokwenda zamani nyuma ya swala. Hakuangalia samaki. Aliangalia ukuta.

"Hapa bwato ilikuwa na mbio," alisema. "Ona. Ukuta iko na mistari sawa ubavu wa punda milia."

Wakatembea tena. Walifika pahali ambapo mfereji ulielekea upande wa nchi kavu. Tshimanga akasimama, akapitisha kiganja juu ya maji. Pale ukuta ulikuwa laini, bila mstari, urefu wa hatua saba. Baada ya hapo mistari ilianza tena.

"Hapa balipunguza moteri."

"Juu ya nini, yaya?"

"Juu ya kuangalia kitu."

Kazadi akaangalia kupitia ukuta ule laini. Katika maji aliona ukingo, akaona miguu ya Nkulu, na pahali penyewe alipokuwa amesimama siku ile, maji kiunoni.

Ndipo moteri ikanguruma juu. Wageni walikuwa wamemaliza kahawa. Sauti ilizunguka mbali, ikarudi ikikua, na kuta zikaanza kutetemeka huku na huku kama mabati ya nyumba wakati wa mvua. Matone yakaanguka shingoni mwa Kazadi. Hakuna aliyejua kama mfereji utavumilia watu ndani bwato likiruka, haikuwa imejaribiwa. Tshimanga akamshika mkono. Bwato likapita juu ya vichwa vyao, tumbo lake jeupe, likinyesha, na wageni wa Likasi wakapiga kelele ya furaha hewani. Likaanguka upande wa pili. Kuta zikatetemeka tena kidogo, zikatulia.

"Endelea," Tshimanga alisema.

Walimaliza mzunguko wa kwanza, wakaingia wa pili. Pahali pale pale, ukuta laini, hatua saba. Wakaingia wa tatu. Hatua kumi, maana mzunguko wa tatu walipunguza moteri zaidi, pengine yule wa foulard alitaka kusimama vizuri. Kila mara, baada ya ulaini, mistari ilirudi, tena mirefu zaidi, ya mtu mwenye kukaza moteri.

Tshimanga alichuchumaa pale pa tatu.

"Balikuona," alisema. "Mara tatu balisimama kukuona."

Akainuka. Akatia mikono miwili ukutani, akachota maji, akayamwaga juu ya kichwa cha Kazadi. Akachota tena. Mara tatu, kama inavyompasa kaka ya marehemu kumtendea bwana asiye na kosa. Maji yalikuwa baridi sana.

"Toka mu kilio, Kazadi. Haiko weye."

Kazadi alitaka kusema asante, lakini kwanza alisema kile kilichokuwa karibu na mdomo. "Basi, Ngalula anabaki?"

Tshimanga akatangulia kupanda tena nchi kavu. Pale alisimama mbele ya ambilansi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, chupa zimelala juu ya kitanda, na blanketi la wagonjwa limezifunika zisipate jua.

"Hii motoka inakuyaka hapa kila Yenga?"

"Kila Yenga."

"Na leo? Mama mwenye tumbo akianguka mu kamp leo?"

Kazadi aliwajua wamama wenye tumbo wa kamp. Walikuwa watano.

"Mi nilikuya kubeba mutoto juu ya weye," Tshimanga alisema. "Weye sasa hauna kosa. Lakini ile kosa iko, minaiona, inakunywa pombe. Sikia. Yenga yenye kukuya mi nitaikala mbele ya dispanseri. Kama saa mbili hii motoka iko pale, mutoto ni wako, sitaongeza neno. Kama haiko, ninamubeba. Mutu hawezi kuacha mutoto pahali motoka ya bagonjwa inaendaka kuogelea."

Wiki ile Kazadi alilehemu vibaya, mara mbili akajiunguza. Siku ya tano jioni, Nkulu alileta ambilansi katika atelier kwa sababu bomba la moshi lilitoboka. Kazadi alilehemu bomba. Halafu, bila kutoka chini ya gari, akageuza moto upande wa kroshe. Ilikuwa kazi ngumu, maana soudure ilikuwa yake mwenyewe na hakuifanya ianguke. Mwishowe kroshe ilianguka, ikilia juu ya sementi, bado nyekundu. Aliisukuma kwa mguu mpaka kwenye lundo la vyuma vibovu.

Nkulu alikuwa amesimama pale anavuta sigara. Alitazama nyuma ya gari lake.

"Umekata imbwa mukia," alisema.

"Njo vile."

"Imbwa bila mukia inatembeaka tu, Kazadi." Lakini hakwenda kumshitaki. Alizima sigara kwa kisigino, akapanda gari, akaenda.

Siku ya Yenga Kazadi hakwenda ziwani. Saa moja na nusu alikaa mbele ya dispanseri pamoja na Tshimanga, juu ya kizingiti. Ngalula alikaa katikati yao, amevaa gauni la kanisa. Mfuko wake, umefungwa, ulikuwa nyuma ya ukuta. Tshimanga alikuwa ameuleta, na Kazadi alikuwa ameusukuma pale ili yeye mwenyewe asiuone.

Ambilansi ilikuwa pale. Ilikuwa imesimama chini ya mti wa avoka, mbele ya dispanseri, kama gari la wagonjwa. Mama Ndaya alitoka nje, akaiona, akaenda kuigusa kwenye moteri, iliyokuwa baridi, akarudi ndani. Wamama wawili waliokwenda misa walipunguza mwendo ili waiangalie.

"Ni saa ngapi?" Kazadi aliuliza.

"Bado robo," Tshimanga alisema. Yeye naye alianza kulegea mabega.

Ndipo Nkulu akatokea pembeni ya garage. Begani alibeba kamba ya chuma, ile ya kuvutia mapompa. Hakuwaangalia. Alilala chini ya gari, akafunga kamba katika chassis, akajaribu kwa kuivuta. Nyuma yake alikuwa Citoyen Mwenze peke yake, amevaa kofia ya majani ya ziwani, akionyesha kwa kidole wapi fundo lipite. Bwato lilikuwa limeshaletwa barabarani juu ya magurudumu yake. Kazi yote haikupita dakika kumi.

Kazadi aliinuka. Alikwenda akasimama katikati ya njia, mbele ya gari, akainua mikono miwili.

Citoyen Mwenze, aliyekaa karibu na shofere, alitoa mkono dirishani, akampungia. Nkulu akageuza usukani kidogo. Gari likampita upande wa kushoto, bwato nyuma yake, na vumbi.

Kengele ya misa ya saa mbili ikalia.

Camion ya Sandoa iliondoka saa nne toka soko la Kapata, imejaa mihogo na watu juu ya mihogo. Kazadi mwenyewe ndiye aliyempandisha Ngalula. Alimpa karanga zilizofungwa katika jani. Alifikiri amwambie neno moja la kubaki nalo, na neno alilopata lilikuwa hili:

"Mutu akikuinulia mikono mbili, usimupungie. Simama. Umuulize ni nini."

"Ndiyo, baba."

Camion ikaondoka. Ilipofika pale njia inapoacha nyumba za mwisho, Kazadi aliona kwamba mikono yake miwili iko juu. Hakuwa ameiamuru. Juu ya mihogo, Ngalula akapiga kwa ngumi paa la kabini, akapiga tena, mpaka camion ikasimama na watu wote wakaanguka mbele kidogo na kutukana. Mtoto akasimama juu ya gunia, akaita kwa sauti yake yote:

"Baba! Ni nini?"

Kazadi alisimama pale. Kulikuwa na dereva mwenye kuangalia kioo, kulikuwa na Tshimanga mwenye kushika mtoto kwa nyuma ya gauni. Kila mtu alingoja.

"Hapana kitu," akajibu. "Muende."

Siku ya kazi ya kwanza Citoyen Mwenze alimwita Kazadi. Hakumkasirikia. Alimwambia tu kwamba kamba ya chuma inachubua rangi ya bwato, na kroshe irudishwe. Kazadi aliitafuta katika lundo la vyuma, akailehemu, akaipiga nyundo mara tatu. Ilikuwa soudure safi. Kitabu cha magari kiliandikwa garage, na karatasi ya Mbelu ilibaki na maneno yake yale yale katika sanduku la biro.

Mwezi wa tisa, siku ya Yenga, joto likiwa limeanza, bwato lilikuwa katikati ya ghuba na wageni sita. Kazadi alikuwa anageuza vimashua jua lisivipasue. Alisikia wageni wanashangilia, akainua macho. Nyuma ya bwato, kando ya mfereji wa kwanza, maji yalikuwa yamefunguka upya na hayakufunga.

Citoyen Mwenze alimwita toka ndani ya bwato, mikono mdomoni: mbao mbili zaidi. Kazadi akaenda bandani, akachagua mbao, akazibeba mpaka majini, akazilaza vizuri moja kando ya nyingine. Halafu akageuka kuangalia njia ya Kolwezi. Mbali, kwenye mteremko, kulikuwa na vumbi dogo, la upana wa baiskeli.